Njia ya Akina Mama Kwenda Mtoni

Ruring'u, Nyeri
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute goti limepoa na unatembea bila fimbo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inapenya hata blanketi mbili.

Kazi yangu unaijua. Kampuni inataka kujenga nyumba za wageni kule Tetu, karibu na maporomoko, nami nilitumwa kuwasikiliza wenyeji kabla mpango haujapitishwa. Nilikutana na wenye mashamba ya chai, wakakubali, wakatia sahihi. Walizungumza Kikuyu muda wote. Walipocheka nilicheka nao, Mama, bila kujua tunacheka nini.

Nikiwa nakunja ramani, mjane mmoja, Wangari, akanisogelea.

"Wenye shamba umewauliza," akaniambia kwa Kiswahili. "Sisi tunaochota maji hapo chini, nani alituuliza?"

Kesho yake nilishuka naye mtoni. Njia yao inapita palepale nilipochora ukuta wa hoteli kwa mkono wangu. Niliona haya. Wangari akawaita wenzake, tukakaa kwenye nyasi tukachora upya: nyumba zikasogea juu, njia ikabaki wazi. Wakaomba pia wao ndio wawapikie wageni.

Mkubwa wangu alikasirika. Sahihi zilikuwa tayari, akataka nipeleke ramani ya kwanza. Nilipeleka ya pili. Niliisoma mbele ya baraza. Mzee mmoja kati ya wenye mashamba akasema hata mke wake hupita njia hiyo. Ikakubaliwa.

Tangu hapo ofisini hakuna anayeniita kunywa chai. Mwezi ujao nahamishiwa Nanyuki, ambako simjui mtu hata mmoja.

Siku ile ya baraza nilitamani kumweleza mtu kwa Kitaita, lugha yetu. Nilikupigia, simu haikupatikana. Basi nilifunga mlango, nikaketi kitandani, nikaeleza yote kwa sauti tangu mwanzo, kana kwamba uko hapo unachambua mboga. Nilipomaliza nilingoja kidogo, Mama, uniulize swali.

Nisalimie kaka Mwakio na ng'ombe wake, shangazi wa kwaya, na mke wa Mwakio aliyejifungua juzi. Mtoto sijamwona hata kwa picha. Mkikaa kula, mnitaje.

Ni mimi binti yako,
Mkamburi