Nguchiro Hakusema Kitu

Jumapili, Chemchem, Tabora. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi, mvua imegoma kunyesha, na mimi nimenuna.

Leo nimeitazama tena ile katuni ya wezi. Wanaonifahamu wanajua nimewachosha nayo kiasi gani. Kwa wageni wa blogu hii: genge la wanyama linakwenda kuiba hazina ya mfalme. Nguchiro ndiye bosi, kobe anafungua makufuli, na nungunungu, mnene, mwoga, mwenye vituko, anazuia lango la chuma kwa mgongo ili wenzake watoke na sanduku. Lango linamzidi nguvu, linafunga akiwa ndani.

Niliiona utotoni kwenye kibanda umiza, banda la video, kimoja cha Isevya, tumebanana kwenye mabenchi, DJ akitutafsiria papo hapo kwa maiki. Mliokua na runinga zenu nyumbani hamjui raha hiyo. DJ alimpa nungunungu lafudhi ya Kisukuma, akamwita Bi Nungu. Lile jangwa la kwenye katuni aliligeuza njia ya misafara: genge likalala Kwihara, likanunua asali Tabora mjini, likakimbilia Ujiji. Miaka mingi niliamini Wazungu wametengeneza katuni ya kwetu. Msinicheke.

Na pale lango linapofunga, nguchiro anageuka. DJ akasema, "Bi Nungu, shikilia hapo hapo! Nikifika Ujiji narudi kukuchukua!"

Tulipiga makofi mpaka mwenye kibanda akatutishia kuzima jenereta.

Pembeni yangu alikaa pacha wangu, Kulwa. Mwaka uleule shangazi yetu wa Dar alikuja kuchukua mmoja wetu akasome kwake. Nyumba yake ilikuwa na nafasi ya mmoja. Akachaguliwa Kulwa kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, nami Doto nikabaki na mama. Pale stendi alitoa kichwa dirishani akanipigia kelele kwa sauti ya DJ: "Doto, shikilia hapo hapo! Narudi kukuchukua!"

Nikashikilia. Mama alipougua nilishikilia, alipotutoka nikaendelea kuishikilia nyumba.

Wiki hii Kulwa yuko likizo hapa. Amekuja na laptopu, na ndani yake ile katuni yenyewe, bila DJ. Nilifurahi kama mtoto. Nikakaanga karanga, tukafunga mapazia, tukakaa. Mimi nikawa DJ, maana maneno yote ninayo kichwani. Tukafika kwenye lango. Nguchiro akageuka, akalitazama, akaondoka zake.

Hakusema kitu.

Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti. Wapi! Halafu wanagawana dhahabu na kucheza ngoma. Zamani niliiona ngoma ile kuwa ya watu wanaojiandaa kumfuata mwenzao. Leo niliona wezi tu. Sitasema ni katuni mbaya. Rangi zake bado zinavutia na kobe bado ananivunja mbavu. Lakini Bi Nungu hatajwi tena mpaka mwisho, na kile nilichokuwa nawasifia watu miaka yote hii kilitoka kwenye maiki ya Isevya.

"Mbona hasemi?" nikauliza.

"Hajawahi kusema," Kulwa akajibu huku anatafuna. "Mimi niliiona hivi hivi mara tu nilipofika Dar. Yale yalikuwa maneno ya DJ, Doto. Nilidhani unajua."

Mara tu alipofika Dar! Nikamuuliza, na yale ya stendi yalikuwa ya nani? Akakodolea macho laptopu. Kisha akasema karanga zimezidi chumvi.

DJ simlaumu sana. Aliona kibanda kimejaa watoto wanaotaka kulia, akatafuta la kuwatuliza. Kulwa alikuwa ananituliza mimi, na akaniacha niamini mpaka leo. Inaniuma, na sioni haya kuandika hivyo.

Sasa yuko chumbani anapanga begi, basi lake ni la asubuhi. Asali yake nimeshaifunga vizuri isimwagike. Nitamsindikiza stendi kama kila mwaka, na kama kila mwaka atatoa kichwa dirishani na maneno yale yale, maana ndiyo mazoea yake.

Kesho naomba afanye kama nguchiro. Ageuke, anitazame, asiseme kitu.