Mama, Kabwe Bado Ananyonya na Mimi Nina Mimba

Mama yangu mpendwa, uliye huko Pweto,

Siku hizi ukinipigia simu nasema mtandao wa huku Nchelenge mbovu, kisha nakata. Mtandao ni mzima, mama. Ni mimi ninayeona haya. Nina mimba, na mjukuu wako Kabwe hata kusimama hajajua.

Unakumbuka tulipokuwa tukibanika samaki pamoja, moshi ukitutoa machozi? Jirani yetu alipita, mtoto mgongoni, tumbo mbele. Ukaninong'oneza: "Ule mama hana ata haya? Mutoto angali ku maziwa, tumbo imetoka tena!" Nilicheka mpaka samaki wakaungua. Ukaniambia maziwa ya mwenye mimba ni ya aliye tumboni, na aliye nje akiyanyonya yatamuua. Niliamini, maana wewe ndiye uliyetunyonyesha sote tukakua.

Basi nilipojijua nina mimba, nilifanya ulivyomfanyia mdogo wangu: nikajipaka pilipili kwenye matiti. Kabwe akaja kwa pupa yake ileile. Kile kilio, mama, sitaki kukisimulia. Nikampa uji mwepesi na maji tuliyoteka ziwani Mweru. Haukupita muda tumbo likaanza kumwendesha, macho yakaingia ndani, nikambeba mbio hadi kliniki.

Muuguzi alimnywesha dawa ya maji, akaniuliza kama ananyonya. Nilimwonyesha tumbo langu, nikamwambia nimemwachisha. Hakunicheka. "Bamayo, mimba haiharibishe maziwa," alisema, akiniita mama kwa lugha ya huku. "Ile maziwa ndiyo inamukinga na kuhara, na kikohozi pia. Murudishe ku maziwa, na weye ukule muzuri."

Kusema ni rahisi. Nilijiosha vizuri, nikampakata, nikamtolea titi. Kabwe akalitazama, akanitazama usoni, akageukia ukutani. Mama, nimetukanwa na wauza samaki wenye midomo yao, lakini sijawahi kuaibika hivyo. Mtoto wangu mwenyewe ananiogopa! Nilikamua matone nikampaka mdomoni, nikamwimbia, nikambembeleza. Aliposhikwa na usingizi ndipo akasahau, akanyonya. Nililia kimya nisimshtue.

Sasa kuhara kumekoma, anacheka tena. Maziwa yamepungua ila hayajaisha. Sokoni najifunga vitenge viwili kuficha tumbo, na Kabwe akilia namnyonyesha nikiwa nimewapa watu mgongo. Wanawake wanakonyezana, nawaona. Nami nikikumbuka tulivyomcheka yule jirani, natamani ardhi ipasuke.

Umetuma salamu kwamba utavuka ziwa kuja kutuona. Njoo, mama. Utaliona tumbo, utamwona Kabwe kifuani kwangu, na neno litakujia mdomoni. Liseme lote, nitalisikiliza. Ila usinisaidie kumwachisha.

Nakungojea huku nikiona haya,
Binti yako wa kwanza, mama Kabwe