Picha ya Keki ya Njano

Dada yangu,

Sisi tupo, tunasukuma siku. Paka amezaa ndani ya boksi la maputo, nami sijamfukuza, maana maputo yenyewe hayana pa kwenda.

Uliuliza kama biashara ya kupamba sherehe za watoto imeshika. Wateja wanakuja, dada. Wanakaa sebuleni, wanakunywa chai, wanaisifu ile picha ya ukutani yenye keki ya njano. Kisha wanauliza, "Na huyu mwenye keki ni wa nani?" Nasema wangu. "Yuko shule?" Siwezi kusema uongo juu ya mwanangu, nasema tulimzika. Hapo chai inaachwa nusu, wanasema watanipigia. Siwalaumu. Nani anataka mkono wangu uguse keki ya mwanawe?

Shemeji yako anasema niitoe picha hiyo, niweke ya sherehe nyingine. Hana ubaya, ila kazi hii haijui. Mteja hanunui maneno, anataka kuona ulichowahi kufanya. Nami maishani nimepamba sherehe hiyo moja tu.

Nisalimie wanao, ambao pia ni wangu.

Mdogo wako