Rodiamu Imegeuka Njano

Jumatatu, 6 Julai

Nimeosha vyombo tena. Baridi ya Makambako imeingia mifupani. Ijumaa wakubwa wanatoka Njombe kuamua kama maabara ya chuo ibaki au iwe ghala la parachichi. Ghala! Nitawaonyesha alkeni, kimiminika cha jamii ya mafuta, ikinyonya hidrojeni bila moto, bila mtambo, kwa chembe ya rodiamu, metali adimu, iliyoshikwa na molekuli za fosfini. Wakikataa baada ya hapo, huo ni ujinga wa makusudi.

Jumanne, 7 Julai

Jaribio limefaulu. Mmumunyo mwekundu kama divai, puto la hidrojeni likasinyaa lenyewe. Sanga, fundi wangu wa maabara: "Madamu, hii alkeni ina njaa kuliko wanachuo."

Nimecheka.

Jumatano, 8 Julai

Mmumunyo mpya umegeuka njano. Njano! Puto halipungui. Aliyeniuzia rodiamu ni mwizi. Au Sanga amechezea chupa. Nimemwambia hivyo mbele ya watu.

"Sijagusa, Madamu. Kichwa tu kinaniuma."

Kisingizio cha kitoto. Nimeanza makala ya gazeti kuhusu wauza kemikali feki. Kali.

Alhamisi, 9 Julai

Alfajiri, katikati ya makala, nimekwama. Rodiamu hii hugeuka njano hivyo ikikutana na kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Gesi ile hung'ang'ania metali, hidrojeni ikakosa nafasi. Na itoke wapi huku, mwezi wa saba?

Jiko la mkaa.

Nimekimbia. Sanga alikuwa chumba cha mizani, ninakochanganyia mmumunyo. Kajifungia, jiko katikati, hajitambui. Mimi na mlinzi tumemburuta nje. Mlinzi anasema jana pia aliliwasha, akalitoa kabla sijafika, maana moto nimeupiga marufuku. Moto na hidrojeni jengo moja! Nimemtukana Sanga huku nalia. Na si yeye peke yake. Kata nzima ya Mahongole inalala na jiko ndani, madirisha yamefungwa. Tunazika watu, tunasema wamerogwa.

Chupa iliniambia jana. Mimi nikatafuta mwizi.

Ijumaa, 10 Julai

Wageni wamekuja. Sikuwa na jaribio. Nimewaonyesha chupa ya njano, nikawaambia chuma kilichomo kwenye damu yetu hushikwa na gesi ya mkaa vivyo hivyo. Wakaitikia kwa vichwa. Kisha wakapima kuta kwa futi kamba.

Ghala. Sikubishana.

Jioni nimekwenda hospitali. Sanga anakunywa uji, mkewe kamshikia kikombe. "Shikamoo, Madamu." Nimeitikia, nikamwomba radhi, nikakaa. Mkewe alikuwa amefungua dirisha lote. Tulitetemeka sote watatu, na hakuna aliyeinuka kulifunga.