Nilimwambia Avumilie

Jumanne, Agosti 2015. Doha.

Hewa ya leo imelowa kama taulo la jikoni. Kutoka kituo cha basi hadi chumbani kwetu, mtaa wa Najma, ni mwendo wa dakika tano, na nguo zimenigandia mgongoni. Nimekaa na viatu miguuni. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Hamadi ni mdogo wangu. Mimi nafanya usafi hotelini kule The Pearl, yeye alikuwa dereva wa familia moja, mpaka gari lilipopinduka na kichwa chake kikaumia vibaya. Huu ni mwezi wake wa nne hospitalini. Macho yamefunguka, mkono wa kulia unainuka, anaelewa ukimsemesha. Kwa Kiswahili tu, lakini. Kile Kiarabu alichokuwa akijitapa nacho kimepotea. Shingoni ana tundu lenye mpira, na ndimo anamopumulia. Kwa ajili ya mpira huo hatoi sauti, na kwa ajili ya mpira huo siwezi kumrudisha Tanga. Nani kule atakuwa akimnyonya makohozi kwa mashine?

Mama anapiga simu kila siku kuuliza kama ameshaongea. Namwambia bado kidogo. Kidogo gani, sijui.

Daktari naye hajui, na namheshimu kwa kukiri. Wanaangalia nguvu ya kikohozi, wanaangalia maji akimeza yasipite njia ya pumzi, wanaangalia makohozi yamepungua kiasi gani, halafu wanakisia. Wakiutoa mpira mapema, anaweza kukosa pumzi. Wakichelewa, vijidudu vinaingia kifuani. Leo waliuziba kwa kifuniko waone kama atapumua kwa pua na mdomo kama sisi. Akielemewa, ainue mkono. Muuguzi Achieng, Mkenya, alimweleza mara mbili, na Hamadi akauinua kuonyesha ameelewa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nikaanza hata kumwona yuko uwanja wa ndege, anarudi kwetu. Achieng akageukia kitanda cha pili, na Hamadi akainua mkono.

Nikaushusha.

Sijui niliwaza nini. Hapana, najua. Niliwaza kwamba akishindwa leo tutakaa hapa miezi mingine. Nikamshika kiganja nikamwambia, "Vumilia, mdogo wangu." Ndivyo tunavyoambiana kwetu, kwenye sindano, kwenye njaa, kwenye ndoa. Nimemlea kwa neno hilo. Basi akavumilia. Jasho likamtoka, midomo ikabadilika rangi, mashine ikalia, Achieng akaja mbio akakiondoa kifuniko.

Kwenye faili wakaandika kwamba mgonjwa haonyeshi ishara akielemewa, kwa hiyo mpira usitolewe bado. Nusu saa nzima niliona aibu kusema. Halafu nikamfuata Achieng nikamweleza ukweli, maana kosa lilikuwa langu na limeandikwa kwa jina la Hamadi.

Hakunifokea. "Dada, hapa usimwambie avumilie, please. Sisi tunataka akisumbuka atuambie."

Tukarudi kitandani pamoja na daktari. Achieng akamwambia Hamadi ainue mkono tu, bila kifuniko, kumjaribu.

Hakuinua. Alinitazama mimi kwanza.

Akaambiwa tena, akanitazama tena, kama anayeomba ruhusa. Nikasema inua, baba, inua, na akainua. Daktari alisema kwa upole kwamba sasa hawajui kama pumzi ilimshinda kweli au ni kwa kuwa alichelewa kusaidiwa. Alhamisi watauziba tena mpira, na mimi nitakuwa nje.

Nikasema sawa.

Siwezi kukohoa badala yake. Siwezi kumeza wala kupumua badala yake, na lile moja nililoweza kufanya leo nimelifanya vibaya. Alhamisi nitakaa kwenye kiti cha korido, mlango umefungwa. Pumzi ikimpungua atanitafuta kwa macho. Asiponiona, atainua mkono, au atavumilia?