Nimeizuia Namba ya Dada wa Bima

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, na tafadhali usinicheke, maana dada yangu nilipomweleza alicheka kwanza ndipo akanigombeza, na mimi siku hizi sina ngozi ya kuchekwa.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, mume wangu anaendesha bodaboda, tuna watoto wawili. Si mume mbaya, nalisema mapema usije ukanielewa vibaya, halewi, hanipigi, akipata analeta, ila ana ugonjwa mmoja tu, haambiliki. Nilimwambia avae helmeti, akawa anaitundika kwenye usukani kama kikapu cha sokoni. Nilimwambia asipakie abiria watatu, akasema mimi sijui biashara. Mwaka juzi gari likamgonga akavunjika mkono, tukauza cherehani yangu ya pili ili atibiwe, majirani wakachangishana, na alipopona mteja wangu mmoja akanieleza kuwa ipo bima ya waendesha pikipiki, unachangia kidogo kidogo kila wiki kwa simu, ukiumia unatibiwa, ukilazwa nyumbani wanapata posho ya kusukuma siku. Nikamkimbilia mume wangu na habari hiyo hata kitambaa cha mtu nimekiacha chini ya sindano. Akanijibu, “Mama watoto, bima ni za watu wa ofisini. Hebu nipe chai.”

Basi akaja huyo dada wa bima. Alifika kituoni kwao asubuhi moja, akawaambia maneno yaleyale niliyosema mimi, na jioni mume wangu akarudi meno yote nje: “Mke wangu, leo nimesikia kitu kizuri sana!” Mshauri, nilitamani nimtupie pasi. Akajiunga kesho yake, na kadi akanionyesha mimi kama vile nilikuwa sijapata kusikia.

Tangu hapo nyumba yangu imekuwa ni dada wa bima kasema. Dada wa bima kasema helmeti ifungwe kidevuni, akanunua mpya, anaifunga. Dada wa bima kasema abiria ni mmoja, anapakia mmoja. Dada wa bima kasema waendesha pikipiki hawanywi maji ya kutosha, sasa anakunywa, tena anakunywa maji ninayoyachota mimi na kuyachemsha mimi! Nimenusa mashati yake, nimepekua simu yake, sijaona kitu. Kulikuwa na ujumbe wa kumkumbusha mchango kila Jumatatu, kwa sababu mume wangu bila kukumbushwa anaweza kusahau hata kula. Roho iliniuma vilevile, pengine zaidi, maana angekuwa hawara ningejua pa kuanzia ugomvi.

Basi Jumatatu moja yuko bafuni, ujumbe ukaingia, “Habari za asubuhi kaka, usisahau mchango wa wiki.” Nikaufuta, nikaizuia na ile namba isiingie tena kwenye simu yake, si ujumbe wala kupiga. Nilikuwa na furaha siku nzima, nilishona huku naimba. Jumatatu zikapita, hakukumbushwa, hakulipa. Siku moja akauliza, “Mbona dada wa bima kimya siku hizi?” Nikamjibu huku nakata kitambaa, “Labda kapata wanaume wengine wa kuwakumbusha.” Akacheka, na mimi nikacheka.

Wiki iliyopita yule dada akaja kwangu mwenyewe, kwa miguu, kaulizia nyumba hadi nyumba mpaka akafika. Na ni mzuri, sitakuficha, ana shingo ndefu na vishimo mashavuni, akakaa kwenye benchi la wateja wangu akijipepea na daftari. Akasema, “Dada, mumeo simpati kwa simu, na kituoni kila nikienda yuko safari. Sikupenda kumtangaza mbele ya wenzake. Mchango wake umekatika, kinga imesimama. Akiumia leo, ile kadi haimsaidii. Na hata akilipa leo, kuna muda wa kusubiri kabla haijaanza tena.” Nikamwambia nitamfikishia. Sijamfikishia.

Mvua ndiyo zimeanza, barabara ni utelezi mtupu, na yeye anatoka asubuhi anapiga mluzi, anawaambia wenzake, “Mimi bwana niko ndani ya bima,” na mimi ndiye niliyemtoa. Simu yangu ikiita nashtuka mpaka nashona kidole. Dada yangu anasema nimwambie ukweli leo leo, nimemnunia, hatusemezani. Sasa nauliza, je, siwezi kuifungua ile namba kimyakimya, nikalipa kwa hela yangu ya kushona, yakaisha bila yeye kujua? Maana nikisema atajua napekua simu yake, na lililo baya zaidi, atakwenda kumshukuru yule dada kwa kuhangaika hadi kwetu, na hilo, mshauri, sitaliweza.

Ni mimi, Mama Cherehani

JIBU

Mama Cherehani, pole. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nikishaanza mengine nitalisahau.

Uchungu wako naujua. Umesema miaka na miaka, hukusikika, akaja mtu na fulana ya kampuni akasema mara moja akasikika. Hata mimi ningeitazama ile pasi. Nawe mume wake, kama unasoma hapa, mkeo ndiye aliyekuletea habari ya bima kabla ya mtu yeyote. Ukaseme hivyo kituoni, kwa sauti, mbele ya wenzako wote. Una deni hilo.

Ila wewe mama, hebu tutazamane. Ulitaka kumkomoa nani? Yule dada hakupungukiwa kitu, analala na vishimo vyake mashavuni kama kawaida. Uliyemvua kinga ni baba wa watoto wako, halafu ukamfungulia mlango aende akaendeshe kwenye utelezi. Ulichofanya ni cha hatari, na kila asubuhi unayonyamaza unakifanya upya.

Kulipa kimyakimya, hapana. Umeambiwa wazi kuna muda wa kusubiri. Muda huo ataendesha akijua au bila kujua? Anayejua hana kinga anaweza kuamua mvua ikikolea ajibanze chini ya paa, au amkatalie abiria wa mbali. Uamuzi huo ni wake na umeukalia wewe, kwa sababu unaogopa kununiwa.

Tena nikuulize. Dada yako, mtu wa tumbo moja na wewe, amekupa jibu hilihili, ukamnunia. Mimi hunijui, hujui hata kama najua kutunga uzi kwenye sindano, lakini umekaa ukaniandikia ukurasa mzima ili nikuambie maneno yaleyale. Sasa umeona mumeo alivyofanya? Hakukudharau. Alifanya kama ulivyofanya wewe. Mwombe dada yako radhi ukimaliza kusoma.

Sasa kazi. Mpigie yule dada wa bima kwa simu yako, meza mate kwanza kama ni lazima, umuulize mchango uliokatika unarudishwaje, kusubiri ni kwa muda gani, na kama jina lako na majina ya watoto yamo kwenye ile kadi. Katika barua yote hukutaja kama yamo. Alikaa mbele yako kwenye benchi lako, ungeuliza, lakini ulikuwa umeshughulika na shingo. Na kama hamumo, muingie. Fundi wa barazani hana mwajiri wa kumtibu, sawa na bodaboda, na macho na mgongo wako ndivyo vinavyokulisha. Halafu mwambie kikumbusho cha Jumatatu kiwe kinakuja kwenye simu yako. Wewe ndiye utakayemwambia mumeo alipe, na safari hii atakusikia.

Namba uliyoizuia usiifungue kwa siri. Mwambie aifungue mwenyewe, ukiwa umeketi mbele yake, baada ya kumweleza kwa nini haikuwa inaingia. Usimwambie kwa ujumbe, wala usimpigie akiwa barabarani. Usisubiri ale, wala usisubiri watoto walale, maana utapata sababu nyingine ya kunyamaza mpaka kesho. Na akienda kumshukuru yule dada, mwache aende. Amestahili, na wivu wako utaumia kidogo tu, hautavunjika mguu.

Najua utasoma haya yeye akiwa nje na pikipiki. Ukisikia injini yake inazimwa mlangoni, acha cherehani, toka, umwambie. Atafoka, pengine atafoka mpaka majirani wasikie. Simama pale umsikilize, na ushukuru kuwa ni sauti yake hiyo inayofoka.