Kipindi cha Mwisho Ijumaa

4 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nafuu, na kwamba goti lako limeacha kukutabiria mvua. Mwilini mimi ni mzima. Kilichochoka ni kichwa.

Ulisikia upepo ulivyoling'oa paa la jengo letu la chini. Tangu siku hiyo madarasa mawili yanasomea bwaloni, yametenganishwa na pazia la jukwaa. Mwalimu wa historia akiuliza swali, jibu humjia kutoka hisabati upande wa pili, na mara nyingi ni sahihi. Tulilicheka jambo hilo mwanzoni. Sasa walimu wawili wamehamia kwingine, na kila asubuhi uvumi kwamba shule itafungwa unafika chumba cha walimu kabla ya chai.

Hofu yangu kubwa ni mwalimu wa hisabati, yule ambaye wanafunzi humwita Pembetatu, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki wa somo hilo. Ofisi ya elimu imenieleza bayana: akiondoka, darasa la mtihani litahamishiwa shule nyingine. Darasa hilo likishaondoka, sioni nani atakayejisumbua kuwaezekea paa waliosalia.

Nimeamua kumwandikia kila mwalimu barua ya shukrani, yenye muhuri, aikute mezani kwake. Hakuna aliyewahi kuwashukuru kwa maandishi.

Mpwa wako

10 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti halitabiri tena, linatangaza tu. Mkazamjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula au unaonja.

Nia yako ni njema na inakustahili. Hata hivyo, nitumie nakala kabla hujazigawa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, na najua kwamba ukishika karatasi yenye muhuri unageuka serikali.

Mjomba wako

16 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa mkazamjomba, mwambie ninaonja.

Barua yako ilifika nikiwa nimekwisha kuzigawa. Naomba unisaidie kuelewa kilichotokea, maana mimi nimeshindwa.

Nilikuwa ofisini, mlango ukiwa wazi kidogo. Walimu walizisoma barua zao. Kisha nikamsikia mwalimu wa historia akimuuliza Pembetatu:

"Yako inasemaje?"

"Inashukuru."

"Hata yangu inashukuru. Yako ina tarehe ya mwisho?"

"Haina."

"Basi bwana, ni leo leo. Funguo tunamkabidhi nani?"

Alipomaliza kusema hivyo akakifunga kikombe chake katika gazeti. Pembetatu akaitungua bikari yake kubwa ya mbao iliyokuwa ikining'inia ukutani miaka yote, akaitia mkobani, miguu yake ikachomoza nje.

Niliwaita nikawaapia kwamba simfukuzi mtu. Wakaitikia "Ndiyo, Mwalimu Mkuu" kwa upole wa watu wanaofarijiwa msibani. Jioni Pembetatu akaomba ruhusa ya Jumatatu ya kwanza ya Juni, kwa shughuli binafsi. Nimesikia kuna shule inamwita kwenye usaili.

Nakala hii hapa, sentensi ya kwanza hadi ya mwisho: "Uongozi wa shule unapenda kukushukuru kwa dhati kwa utumishi wako uliotukuka katika kipindi chote ulichokuwa nasi. Mchango wako hautasahaulika. Tunakutakia kila la heri." Nimekosea wapi?

Mpwa wako

22 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku ni salama, na nimecheka hadi mkazamjomba wako akaja kuangalia kama napumua.

Barua niliyopewa nilipostaafu ilianza kwa maneno hayo hayo, isipokuwa mimi niliongezewa saa ya ukutani. Itazame sentensi yako kwa utulivu. "Ulichokuwa nasi" imemtoa mtu nje kabla hajafika kwenye nukta. "Hautasahaulika" husemwa juu ya asiyekuwepo. Na "kila la heri" humwambii mtu unayetarajia kumwona kesho akigombania sukari. Hukukosea sarufi hata mara moja. Ndiyo maana walikuamini.

Sasa usiandike tena. Mwendee kila mmoja ana kwa ana, umtajie jambo moja analolifanya, analolifanya sasa, ambalo wewe umeliona kwa macho yako. Likikosekana, bora unyamaze. Kisha bandika ukutani ratiba ya muhula ujao, kila mmoja akiwa na vipindi vyake. Usimsihi Pembetatu abaki. Mpangie kazi kama mtu ambaye kuwepo kwake hakujawahi kuwa swali.

Mjomba wako

14 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Ninakula sasa, mwambie mkazamjomba.

Nilifanya ulivyoniagiza. Mwalimu wa historia nilimwambia kwamba anafundisha madarasa mawili kwa sauti moja na hajanilalamikia koo. Akanijibu, "Nilidhani hukuwa unasikia," akatoka haraka. Kesho yake kikombe kilikuwa mezani.

Kwa Pembetatu ilikuwa vigumu zaidi. Nilimwambia nimemwona akichora duara kwa kamba na chaki, sakafuni bwaloni, ili hata wa nyuma waone. Akasema, "Bikari iko nyumbani," basi. Jumatatu ile akaenda alikokwenda. Jumanne akarudi, nami sikuuliza. Wiki nzima hakuitazama ratiba.

Jana alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mwalimu Mkuu, nani amenipa darasa la mtihani kipindi cha mwisho Ijumaa?"

"Mimi."

"Hisabati. Ijumaa. Bwaloni, chakula kikiwa kimetoka kuliwa."

"Ndiyo."

"Huo ni uonevu. Muhula ujao siwezi. Muhula ujao mpe historia."

Mwalimu wa historia akainua kichwa. "Historia imekukosea nini wewe?"

"Historia wanaweza kusinzia, mambo yenyewe yamekwisha kutokea."

Wakabishana mpaka chai ikapoa, na wengine wakaanza kutetea Ijumaa zao. Mjomba, neno la shukrani lilinifika ulimini. Nikakukumbuka, nikalimeza. Nikamwambia nitalifikiria.

Leo asubuhi bikari imerudi kwenye msumari wake. Je, nimwondolee hiyo Ijumaa?

Mpwa wako

19 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limetulia, huenda nalo lilikuwa likisubiri habari.

Mwondolee, ila si sasa. Mwambie bado unalifikiria. Mtu aliyebakiwa na lalamiko hurudi Jumatatu kulimalizia, na wewe unazihitaji Jumatatu zake hadi mtihani upite.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sikushukuru. Andika tena.

Mjomba wako